Hachibeki yenye moto kwa mtu wa Malindi: Golf GTI, Swift Sport, Fit RS au Demio ya dizeli?

MwanaBarani (mwenye uzi)

Salaam wadau.

Niko Barani, Malindi. Kazi yangu ni kufunga na kutengeneza viyoyozi na mafriji ya mahoteli, na vifaa navifuata Mombasa kila wiki, kwenda na kurudi siku hiyohiyo. Miaka yote nimeendesha Probox ya kampuni. Sasa najitegemea na nataka gari langu: dogo, milango mitano, lenye moto. Sishindani na mtu. Ila ukitoka Gede kuelekea Kilifi umebanwa nyuma ya lori la chumvi la Gongoni, mbele kuna mwanya mfupi, na matatu inakuchungulia kwenye kioo, hapo ndipo unajua kama umenunua gari au kabati la nguo.

Bajeti ni milioni 1.8 likiwa na namba tayari, nikijikaza sana 2. Nimeshapitia hizi: Golf GTI ya kizazi cha saba, Polo GTI, Suzuki Swift Sport, Honda Fit RS na Mazda Demio ya dizeli. Moyo uko kwenye Golf. Mke wangu anasema Demio. Ndugu yangu wa Mombasa anasema chochote, bora kisiwe cha Mjerumani.

Nina watoto wawili wadogo. Nisichotaka ni gari la kutembea mwanzo wa mwezi na kulala mwisho wa mwezi. Karibuni.


MwanaTudor

Golf. Maisha mafupi.


BintiGede

MwanaTudor na wewe! Mafuta utamwekea wewe?

Kaka MwanaBarani, tupige hesabu kwanza, mapenzi baadaye. Malindi hadi Mombasa ni kilomita 120 hivi. Kwenda na kurudi 240, kwa wiki nne ni 960. Weka nyingine 440 za mjini, Watamu, Mambrui na kupeleka watoto. Jumla 1,400 kwa mwezi. Petroli tuichukulie shilingi 182, dizeli 169, kama bei za mwishoni mwa 2025. EPRA, wanaopanga bei ya mafuta, hubadilisha kila tarehe 14. Sisi wa Pwani angalau bei yetu huwa chini ya Nairobi, maana meli inateremshia hapa.

Golf GTI ikitembea kilomita 10 kwa lita, unahitaji lita 140: shilingi 25,480.
Swift Sport kwa 14: lita 100, shilingi 18,200.
Fit RS kwa 15: lita 93, yaani kama 17,000.
Demio ya dizeli kwa 19: lita 74, kama 12,500.

Hizo si namba za karatasi za Japani. Nimezishusha makusudi, kwa sababu kiyoyozi huku hakizimwi, na matuta tunayajua sote. Kati ya Golf na Demio ni shilingi 13,000 kila mwezi. Hiyo karo ya mtoto mmoja imeondoka kwa bomba la ekzosti. Kati ya Swift na Fit ni pesa ya samaki, hapo usisumbuke.

Halafu ukitaka kulinganisha kwa haki, Golf na Swift zote kwao zinadai petroli ya daraja la juu. Ukijaza ile ya V-Power na wenzake, bei inazidi ya EPRA, kwa hiyo namba zangu za hayo mawili zipandishe kidogo.


MwanaBarani

Dada BintiGede, ahsante. Hiyo 25,000 imenishtua kidogo. Nilikuwa nimehesabu kwa safari za Mombasa tu, za mjini nilizisahau kabisa.


FundiMaweni

Dada kahesabu vizuri. Mimi niongeze yale yasiyoandikwa kwenye risiti ya kituo cha mafuta, maana ndiyo yanayonilisha.

Kwa mtu wa Malindi, gari linaliwa na chumvi ya bahari kutoka chini. Chukua gari lolote linalolala upande wa Casuarina, usilifungue hata bonti. Piga magoti, pitisha ukucha pembezoni mwa diski ya breki. Pale padi isipofika utakuta mdomo wa kutu umejijenga, ukucha unanasa. Mdomo huo ukikua, kila ukibadilisha padi unabadilisha na diski. Sasa diski ya gari kubwa la mbio na diski ya gari dogo hazinunuliwi kwa bei moja, na ya gari la mbio dukani hapa Malindi huipati. Unaagiza Mombasa, Mombasa wanaagiza Nairobi, na wewe unapanda tuktuk.

Kondensa ya kiyoyozi sina haja ya kumfundisha mwenye uzi, ndiyo kazi yake.

Ndiyo maana mteja akiniuliza gari la mbio lisilomuumiza, swali langu la kwanza si nguvu za farasi ngapi. Nauliza lina kilo ngapi. Swift Sport ya karibuni, ile yenye namba ZC33S, ya gia za mkono ina kilo 970. Golf GTI ya saba ni kama 1,390. Hizo kilo 400 ni watu wazima watano na mizigo yao. Unazibeba kila ukiondoka kwenye tuta, na padi inazibeba kila ukisimama. Tairi nazo ndiyo hivyo. Swift inavaa 195/45R17, Golf 225/45R17 au 225/40R18. Klachi, bushi, boljointi, vyote vinachakaa kwa uzito.

Na hiyo nyepesi haijanyimwa nguvu. Injini yake ni lita 1.4 ya tabo, farasi 140, na nguvu ya kuvuta ni nyutoni-mita 230 kuanzia mizunguko 2,500 tu. Maana yake nyuma ya lori la chumvi huhitaji kuikamua injini mpaka ipige kelele. Unakanyaga, inaondoka. Golf ina 350, sawa, ni gari zito lenye misuli. Lakini sheria hairuhusu kupita 110 hata barabara kuu. Ile nguvu ya ziada utaitumia wapi, Tezo penye watoto wa shule?


Mokowe_Jetini

Salaam kutoka Lamu. Kisiwani gari hatuna haja nalo, punda na boti vinatosha. Langu linalala Mokowe, navuka, nawasha, nateremka Malindi kwa Witu na Minjila.

Mimi nina Demio ya dizeli na sioni wa kunishawishi niiuze. Farasi 105 ukizisoma utacheka, lakini nyutoni-mita 250 za otomatiki ile ni zaidi ya hiyo Swift mnayoipigia debe. Barabara ya Garsen ikiwa nyeupe mbele, tena lami yenyewe nzuri siku hizi, kigari kinajisukuma chenyewe. Tangi moja nakwenda Malindi na kurudi na bado linabaki. Kwa safari kama za mwenye uzi, Demio hii ndiyo jibu, na mkewe kaliona kabla yetu sote.


BintiGede

Mokowe_Jetini hapo kweli. Wanaume mnasoma farasi, mke kasoma risiti.


FundiMaweni

Mokowe_Jetini, kaka, wewe unaitendea haki gari hiyo bila kujua. Injini ya dizeli ya siku hizi ina DPF, kichujio cha kukamata masizi. Kikijaa, gari linapandisha joto la ekzosti na kuyachoma. Ili lichome vizuri linataka mwendo mrefu usiokatika, na Mokowe hadi Malindi ni zaidi ya kilomita 200 bila taa hata moja. Kichujio chako kinasafishwa kila safari.

Kwa njia ya MwanaBarani pia ingefaa, sikatai. Wasiwasi wangu uko kwenye maisha ya kwanza ya gari. Hivi vigari vingi huko Japani vilikuwa vya kwenda dukani na kurudi, dakika kumi, injini haijapata joto. Vinafika Kilindini na masizi tayari kooni. Mazda wenyewe walishawahi kuyaita magari ya injini hizo za 1.5 yarudi kurekebishwa kwa ajili ya masizi kwenye vali. Kwa hiyo ukitaka Demio, usiangalie kilomita chache ukafurahi. Elfu 30 za mjini ni mbaya kuliko elfu 90 za barabara kuu. Fundi mwenye mashine ya kupimia aisome DPF imejaa kiasi gani kabla hujatoa hata shilingi. Ikijaa kabisa, bei ya kuitoa na kuirudisha itakula ile akiba ya dizeli yote aliyoihesabu dada.

Na kuna mafundi watakaokwambia "tunaitoboa tu hiyo DPF". Mimi siitoboi. Moshi ule watoto wako ndio wataanza kuuvuta pale getini.


MjerumaniDamu

Nimewasoma kimya kimya, sasa naomba haki ya Golf.

Watu wakisikia DSG, giaboksi ya VW ya klachi mbili, wanakimbia, na hawajui wanakimbia ipi. Ile iliyotia doa jina ni ya gia saba yenye klachi kavu, mafundi wanaiita DQ200. Iko kwenye Golf na Polo za kawaida za 1.2 na 1.4. Mwaka 2013 VW waliita magari milioni 1.6 duniani kubadilisha oili ya giaboksi hiyo, wakatoa ya sintetiki wakaweka ya madini. Golf GTI haina giaboksi hiyo. Yake klachi zinaogelea ndani ya oili, na inabeba moto wake bila shida. Sharti ni moja: oili na filta yake inabadilishwa kila kilomita 60,000, na muuzaji wa kwanza hapa nchini atakwambia ni ya maisha. Usimsikilize.

Polo GTI nayo ziko mbili. Ya zamani ya 1.8 ya otomatiki ilikuja na klachi kavu ileile, hata nguvu ya kuvuta ikapunguzwa hadi 250 ili isiumie, wakati ya gia za mkono ilipewa 320. Hiyo iache. Mpya ya 2.0, iliyoanza kuuzwa Japani 2018, ina farasi 200 na klachi za oili. Hiyo ndiyo gari.

Mimi ninayo Golf, naishi Nyali, na fundi anayeijua yuko dakika kumi kutoka kwangu. Nakiri hilo la mwisho ndilo linalonipa usingizi.


FundiMaweni

Umesema vizuri sana, hasa hilo la mwisho. Fundi wa DSG aliye karibu na Barani yuko kilomita 120. Likikwama Matsangoni saa mbili usiku, kulivuta tu hadi Mombasa ni pesa ya sevisi tatu za Swift.


Klia_Kilindini

Niwape ya ushuru, maana watu wengi hununua kwa bei ya Japani halafu wanalilia bandarini.

KRA, watu wa kodi, wanaanzia thamani ya forodha, inayotokana na bei ya gari likiwa jipya, ile orodha ya CRSP, wanapunguza kwa umri. Juu yake: ushuru wa forodha asilimia 35. Kisha ushuru wa bidhaa, na hapa ndipo penye kisu: injini isiyozidi sisi 1,500 ni asilimia 20, ikizidi ni 25. Halafu VAT 16 juu ya vyote hivyo, ada ya uagizaji, IDF, 2.5 na tozo ya reli 2.

Kwa gari la chini ya 1,500, kila shilingi 100 za thamani ya forodha zinazaa kodi ya kama 92. Kwa la juu ya 1,500 zinazaa kama 100. Swift ya 1.4, Fit RS na Demio za 1.5 zote ziko upande wa nafuu. Golf na Polo za 2.0 ziko upande wa pili, tena thamani yake ya kuanzia ni kubwa zaidi. Ndiyo maana kwa milioni 1.8 Golf GTI safi huipati. Utakayoipata kwa bei hiyo imeshaendeshwa na watu hapa nchini, na mmoja wao alikuwa kijana.

La pili: umri ni miaka minane tangu isajiliwe mara ya kwanza. Mwaka 2025 mwisho ulikuwa za 2018. Kwa 2026 ni 2019 kwenda mbele. Kama unaagiza mwenyewe gari la mwaka wa mwisho unaoruhusiwa na Novemba imeshafika, usilogwe. Meli ikichelewa, gari linarudi lilikotoka au linakuwa chuma. Ukaguzi wa QISJ, kampuni inayokagua magari ya kuja huku, ufanywe kulekule Japani kabla halijapakiwa.


Mzee_wa_Mambrui

Vijana, sisi tulikuwa tunayapita malori na Peugeot 504 ya kabureta, hakuna tabo hakuna kompyuta, na madirisha chini. Mnunue mnachotaka, lakini mapita yenyewe muyape nafasi. Pale kwenye msitu wa Arabuko watu wanavuka na baiskeli za makaa bila taa.


MwanaBarani

Shikamoo mzee wangu. Nimekusikia.

Wadau, Golf naiweka pembeni, roho inauma ila basi. Klia_Kilindini hiyo ya "mmoja wao alikuwa kijana" imenimaliza. Polo mpya nayo iko juu ya mfuko, na Demio hiyo DPF imenitia hofu. Nimebaki na Swift Sport na Fit RS. Kuna jamaa wa Nairobi aliniambia Fit RS ni uongo mtupu, ina stika tu, haivuti. Kweli?


FundiMaweni

Jamaa yako anasema kweli ya Nairobi.

Fit RS injini yake ya 1.5 haina tabo, ina farasi 132. Injini isiyo na tabo inavuta hewa kama ilivyo nje. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, hewa nyepesi, nguvu inapungua kama asilimia 15. Huku kwetu bahari iko hapo, hewa nzito, injini inapata haki yake yote. Fit RS ya Malindi na Fit RS ya Nairobi ni magari mawili tofauti. Kwa hiyo usinunue gari kwa mapitio ya mtu wa Nairobi kabla hujajiuliza anaishi urefu gani.

Lakini hata huku, nguvu yake ya kuvuta ni 155, na inafika huko juu kwenye mizunguko 4,600. Nyuma ya lori lazima ushuke gia mbili na uikamue. Wako wanaoipenda hiyo, injini inalia vizuri. Ya gia sita za mkono ni tamu kweli. Ya CVT, otomatiki ya mkanda isiyo na gia, sahau habari ya RS, unakanyaga kelele inakwenda mbele na gari linafuata baadaye.

Faida yake kubwa ni nyuma. Tangi la mafuta liko chini ya viti vya mbele, kwa hiyo ukikunja viti vya nyuma sakafu inakuwa bapa na ndani kabisa. Mitungi yako ya gesi na bomba za shaba vitaingia bila kuomba. Swift buti lake ni dogo, mkoba wa wiki na ngazi fupi basi. Na Swift iko chini: milimita 120 kutoka ardhini. Fit RS ni 135, Demio 145. Ukiwa na watu wanne kwenye Swift, tuta lisilopakwa rangi utalisikia tumboni mwako mwenyewe.


BintiGede

Bima msiisahau. Bima kubwa ni kama asilimia 4 ya thamani, kwa gari la milioni 1.8 ni 72,000 kwa mwaka, na wakiona neno "Sport" kwenye logibuku wengine wanaongeza. Ulizia mapema kabla hujalipa, wakuandikie.

Na kuuza je? Gari la gia za mkono huku ni nani atanunua? Kila mtu siku hizi oto.


MjerumaniDamu

Kuuza si tatizo kwa Swift Sport. Wapenzi wake wapo na wengi wanaitaka hiyohiyo ya mkono. Na Suzuki wameifunga 2025 kwa toleo la mwisho, kwa hiyo haziongezeki.


MwanaBarani

Ninaogopa hapo pa kufungwa. Spea?


FundiMaweni

Usiogope. Injini yake, K14C, iko pia kwenye Escudo ya 1.4 ya tabo, na Escudo hazijaisha barabarani. Plagi, pampu ya maji, filta, vitu vya injini vitapatikana. Bushi na vitu vingi vya chini vinashabihiana na Swift ya kawaida. Vya kwake peke yake ni breki za mbele, bampa, na shokamzoba, ambazo za kiwandani ni Monroe. Bampa ndiyo uichunge.

Otomatiki yake ni ya gia sita za kawaida, torki konveta, si CVT wala si klachi mbili. Fundi yeyote mzima ataielewa. Kwa mtu anayepita foleni ya Mtwapa kila wiki wakati barabara inapanuliwa, mimi ningechukua hiyo na nisione haya.

Oili ya injini kila kilomita 5,000, usingoje 10,000 kwa sababu ya tabo na joto letu. Ukitoka Mombasa mchana wa kaskazi, kilomita mbili za mwisho tembea pole, tabo ipoe kabla hujazima. Na chini ya gari lioshwe. Maji yawe ya mfereji, yale ya Baricho. Vioshea magari vingi hapa mjini vinavuta maji ya kisima. Unalipa mtu akupakie chumvi upya kwa presha.


Mokowe_Jetini

Hiyo ya maji ya kisima wallahi sikuwahi kuifikiria. Nitamuuliza kijana wangu.


MwanaTudor

Mmemwibia mtu Golf yake mchana kweupe.


MwanaBarani

MREJESHO, wadau.

Jumamosi tumekwenda Mombasa, mimi, mke wangu na FundiMaweni. Yadi mbili, Swift Sport mbili, zote oto, zote za 2019.

Ya kwanza nyeupe, inang'aa, kilomita elfu 41. Nilikuwa nishaanza kutabasamu. Fundi akaomba karatasi ya mnada wa Japani. Wakazungushazungusha, ikaja. Pale kwenye mchoro wa gari kuna vidokezo vya herufi. A ni mikwaruzo na U ni mbonyeo, hizo ziko kwenye karibu kila gari. Hii ilikuwa na S na C kwa chini. S ni kutu. C ni kutu iliyokwisha kula. Fundi akalala sakafuni na tochi ya simu, akaniita. Vichwa vya bolti za mkono wa chini unaoshika gurudumu vilikuwa vimepoteza pembe zake, mviringo, rangi ya machungwa, ukivikwangua vinatoka magamba. Kwenye mabomba ya breki kumepakwa rangi nyeusi mbichi, bado inanukia. Fundi akasema gari hili limeishi kaskazini ya Japani wanakomwaga chumvi barabarani wakati wa theluji. Muuzaji akasema ni vumbi la melini. Tukaaga.

Yaani lingetoka chumvi ya Hokkaido likaja kumalizikia kwenye chumvi ya Malindi.

Ya pili ni ya manjano, ile manjano yao. Kilomita elfu 68, karatasi daraja la 4, chini kukavu na bolti zina pembe. Ekzosti ya kiwandani, haijachezewa. Tumeipitisha daraja la Nyali hadi Bamburi na kurudi. Wadau, niko 60 nyuma ya basi, nikakanyaga nusu tu, likashuka gia moja na basi likabaki nyuma kabla sijamaliza kufikiri. Hakuna fujo, hakuna kelele. Ndani plastiki ni ngumu, sitadanganya, na viti vinakubana mbavu. Mitungi miwili midogo na mkoba wa vifaa vimeingia viti vikiwa vimekunjwa. Bomba za shaba ndefu nitaendelea kuzituma kwa matatu kama zamani.

Bei wameanzia milioni 2.05, tumefunga milioni 1.93. Bima nimeulizia sehemu tatu kama alivyosema dada, na tofauti kati ya wa juu na wa chini ilikuwa elfu 21, kwa gari lilelile. BintiGede Mungu akuzidishie.

Mke wangu amekaa mbele njia nzima kimya. Tulipofika Kilifi akauliza kama kweli hakukuwa na rangi nyingine.

Swali langu la mwisho: rimu. Njia ya kuingia kwangu ni mawe ya matumbawe yaliyochongoka, na hii tairi ya 45 ubavu wake mwembamba, naiona itachanika wiki ya kwanza. Nishuke rimu 16?


FundiMaweni

Shuka. 195/50R16 inatoa mzingo karibu uleule wa 195/45R17, tofauti haifiki asilimia 1 na nusu, kwa hiyo spidomita haitakudanganya kwa maana. Unapata ubavu mnene zaidi, na tairi ya 16 ni rahisi kuipata hapa Malindi kuliko ya 17. Lakini usinunue rimu kwa macho. Kalipa ya mbele ya Sport ni kubwa kuliko ya Swift ya kawaida, na rimu nyingine za 16 zinaigusa kwa ndani. Njoo na gari, tuivishe rimu moja, tuizungushe kwa mkono, tuone nafasi iliyobaki, ndipo ulipe nne. Zile za 17 zifunge kwa gunia uziweke, siku ya kuuza mnunuzi ataziulizia.

Na upepo usipunguze ili gari liwe laini. Kibandiko kiko kwenye nguzo ya mlango wa dereva, fuata hicho. Tairi laini kwenye matumbawe ndiyo inayobanwa kati ya jiwe na rimu.

Mimi nipo Jumatatu kuanzia saa mbili asubuhi. Njoo kabla ya saa nne, maana mchana nina tuktuk tatu zinanisubiri.